Skwea, bikari na darubini: mtu wa loji anapotazama juu

Kalenda ya loji ya Frimasoni na kalenda ya darubini hazipatani, na anayezifuata zote mbili huligundua hilo mwezi wa kwanza tu. Loji nyingi za zamani za Uingereza na Marekani zilikutana usiku wa mwezi mpevu, au siku fulani ya wiki iliyokuwa karibu zaidi kabla yake. Hapakuwa na fumbo lolote. Ndugu, yaani wanachama, walikuja kwa farasi kutoka mashambani, barabara hazikuwa na taa, na aliyekaa mezani hadi saa tano usiku alihitaji kuiona njia ya kurudia nyumbani. Loji chache zinaishika desturi hiyo mpaka leo, ingawa wanachama wake wanakuja kwa magari. Mtu wa darubini naye anaukimbia mwezi mpevu kama mwizi anavyoikimbia tochi. Usiku ule ndugu wanaposhangilia mwanga, yeye anaona anga limemwagiwa maziwa.

Kabla sijaendelea, neno lenyewe. Kwa Mswahili loji ni nyumba ya kulala wageni, na Frimasoni ni tajiri wa kwenye uvumi anayedaiwa kutoa kafara. Loji ninayoizungumzia ni kundi la watu wanaokutana kwenye ukumbi wao na kuzitumia zana za mwashi wa mawe kama mafumbo ya tabia: skwea ya uadilifu, pimamaji ya usawa, timazi ya unyoofu, bikari ya kujiwekea mipaka. Dar es Salaam na Nairobi kumbi hizo zipo na zinajulikana, na marehemu Sir Andy Chande wa Dar es Salaam hakuwahi kuficha kwamba ni mwanachama. Ujumbe wa simu unaokutaka utume ada ujiunge na utajirike ni utapeli. Loji haitafuti watu kwa ujumbe. Mtu huomba mwenyewe, hudhaminiwa na wanaomfahamu, kisha hupigiwa kura. Basi, turudi kwenye mwezi.

Mwezi mpevu haufai hata kutazamwa wenyewe. Jua linaupiga usoni, vivuli vinatoweka, na milima na mashimo yake yanabaki kama ramani iliyopauka. Uzuri wa mwezi uko kwenye mpaka wa mwanga na giza, pale ambapo kilima hutupa kivuli kirefu. Kwa hiyo usiku wa kuwaalika ndugu na familia zao ni ule wa mwezi wa siku 7 au 8. Jua likizama unakuwa tayari karibu na utosi, watoto wanauona kabla ya kusinzia, na unazama karibu na saa sita usiku, ukiwaachia giza wale wanaotaka kuendelea. Pwani almanaka si lazima. Muulize mtu yeyote anayefuata mwezi mwandamo, leo mwezi ngapi. Kwa vitu hafifu, yaani makundi ya nyota na mawingu ya gesi, ngoja tarehe 25 ya mwezi mwandamo hadi tarehe 3 ya unaofuata.

Fundi wa daraja la pili katika loji hufundishwa kuziheshimu elimu saba: sarufi, ufasaha, mantiki, hesabu, jiometria, muziki na falaki. Wengi huishia kuzitaja kwa ghibu. Falaki ikifanywa kwa vitendo, kitu cha kwanza inachofanya ni kuisahihisha loji yenyewe. Ukumbi wa loji umepangwa kama dunia: Mkuu wa loji hukaa mashariki jua linakochomoza, Msimamizi Mkubwa magharibi linakozama, na Msimamizi Mdogo kusini, eti alitazame jua la adhuhuri. Kaskazini hakukaliwi na mkubwa yeyote, ni upande wa giza. Mpangilio huo ni sahihi London, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam, digrii 6.8 kusini mwa ikweta, ni uongo kwa takriban miezi 7 ya mwaka.

Lijaribu kwa fimbo. Simika fimbo iliyonyooka, mita 1 kamili juu ya ardhi, na uihakiki kwa timazi pande mbili, mbele na ubavuni. Upande mmoja hautoshi, fimbo inaweza kuwa wima ukiitazama mbele na imelala ukiitazama ubavuni. Weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5 kuanzia saa sita mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli. Tarehe 21 Juni Dar es Salaam hicho huja karibu saa 6 na dakika 25, kina urefu wa sentimita 58 hivi, na kinaelekea kusini kwa sababu jua liko kaskazini. Tarehe 21 Desemba kinaelekea kaskazini, sentimita 30 tu. Na mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba, hakuna kivuli: jua liko utosini na fimbo inajikanyaga yenyewe. Saa nazo hutofautiana, dakika 35 baada ya saa sita mwezi Machi, dakika 10 tu mwezi Oktoba, maana mzunguko wa dunia kulizunguka jua hauendi kwa mwendo mmoja na mhimili wake umeinama. Darubini ibaki ndani siku hiyo. Lenzi ikielekezwa kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofunika mdomo wake wa mbele hupofusha kwa nukta, na kidarubini cha kulengea hufanya vivyo hivyo.

Darubini gani basi? Loji ikichanga fedha, huwa kuna ndugu anayetaka ile yenye kiweko cha ikweta, chuma kingi na mizani ya kuning'inia, kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu. Kwetu hapa ni kupoteza hela. Mhimili wa kiweko hicho lazima uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na Dar es Salaam ncha ya kusini iko digrii 7 tu juu ya upeo wa macho. Viweko vingi havishuki hadi hapo, na vikilazimishwa, fimbo ya mizani hugonga mguu. Nyota ya Kaskazini haionekani. Ile ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno na imezama kwenye ukungu wa chini. Chukua ya aina ya Dobson: bomba la inchi 8, urefu wa fokasi milimita 1200, limekalia sanduku la mbao linalozunguka na kupanda na kushuka. John Dobson aliyeusambaza mtindo huo alikuwa mtawa San Francisco, akajenga darubini kwa vioo vya mabaki na kuzisimamisha vijiani ili wapita njia watazame bure.

Kasoro yake kubwa kwetu haizungumzwi sana Ulaya. Karibu na utosi, kusogeza bomba kidogo tu angani hudai kulizungusha sanduku zima, na huku sayari hupita utosini au karibu nao. Sayari ya Mshtarii ikiwa juu kabisa utapigana na sanduku usiku kucha. Itazame saa moja na nusu kabla haijafika juu, au baada. Hewa bado ni nzuri na sanduku linatii.

Hapo ndipo zana za loji zinapoacha kuwa mafumbo. Ubao wa chini wa Dobson ukiwa sawasawa kabisa na ardhi, unaweza kukipata kitu usichokiona kwa macho kwa kusoma namba mbili tu, uelekeo na kimo. Chapisha duara la digrii 360 kwenye duka la mabango, lingane na ubao wa chini, libandike, kisha weka mshale wa bati kwenye sanduku linalozunguka. Juu ya bomba bandika kipimapembe cha kidijitali chenye sumaku. Bomba lisilo la chuma, gundi kipande cha bati kwanza. Sasa lete pimamaji ya fundi. Iweke juu ya ubao, soma, zungusha digrii 90, soma tena. Kwa ubao wa kipenyo cha sentimita 45 wenye miguu mitatu, kipande cha mbao cha milimita 6 chini ya mguu mmoja hubadilisha mwinamo kwa digrii 1 hivi. Kisha elekeza kwenye nyota unayoijua, soma uelekeo wake kwenye programu ya simu, na usogeze mshale ulingane. Lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 48 na kuonyesha kipande cha anga cha digrii 1 tu. Ubao ukiinama digrii 2, unachotafuta kiko nje ya kioo na utadhani ramani imekosea. Namba za uelekeo hubadilika kila dakika dunia inapozunguka, kwa hiyo zisome upya kila unapohama. Za dakika 10 zilizopita ni takataka.

Kupanga vioo ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko kunakofanya watu waseme darubini ni mbovu. Safari ya gari kwenye barabara ya vumbi inatosha kukihamisha kioo kikuu. Laza bomba, lisisimame wima, ili funguo ya L ikikuponyoka iangukie pembeni ya bomba na si juu ya kioo. Weka kwenye tundu la lenzi kifuniko chenye kitobo cha milimita 2 katikati. Chungulia. Kwanza shughulika na kioo kidogo cha mshazari: skurubu zake tatu zisogezwe robo mzunguko kwa wakati, legeza moja ndipo ukaze nyingine, mpaka uone vishikizo vyote vitatu vya kioo kikuu ndani yake. Ukizilegeza zote tatu kwa pamoja kioo kitaninginia, na ukirudi kukitafuta utapoteza usiku. Kisha nenda nyuma kwenye skurubu za kioo kikuu, uzungushe mpaka kitobo chako kionekane katikati ya kipete kidogo kilichobandikwa kiwandani juu ya kioo hicho. Thibitisha kwa nyota: ikuze mara 150 au 200, itoe kwenye fokasi kidogo, uone duara lenye pete ndani ya pete. Pete zikisogea upande mmoja, bado. Zikichemka kama maji ya chai, vioo havina kosa, hewa ndiyo imechafuka au kioo hakijalingana joto na nje.

Kuhusu joto, vitabu vya nchi za baridi vitakushauri vibaya. Kule kioo chenye joto hutolewa nje kwenye baridi. Huku pwani darubini iliyohifadhiwa kwenye chumba cha kiyoyozi ikitolewa nje hulowa papo hapo, maji yanatiririka juu ya kioo. Ihifadhi stoo ya kawaida, kavu, mdomo umefunikwa, vifuko vya kukausha unyevu vikiwa kwenye sanduku la lenzi, vinginevyo kuvu huota ndani ya vioo na hakuna wa kuiondoa. Nairobi na Arusha tatizo ni umande wa usiku. Kola ya povu la godoro la mazoezi inayozidi mdomo wa bomba kwa sentimita 20 inasaidia sana. Sanduku la Dobson la ubao wa vumbi la mbao lililobanwa huvimba na kumeguka kwenye majani mabichi. Liwekee kipande cha plaiwudi chini.

Kusafisha kioo kikuu ni kazi ya mara moja kwa mwaka, au chini ya hapo. Vumbi halidhuru, kufuta ndiko kunakodhuru. Kichomoe, kimiminie maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, pamba safi iburutwe kwa uzito wake tu bila kukandamiza, kisha maji yaliyokenekwa ya mwisho. Dukani huitwa maji ya betri, na hapo soma chupa mara mbili: mengine ni asidi. Kitenge na khanga havina kazi hapa hata viwe laini vipi.

Usiku wa wageni, vyeo vya loji vinafaa kuliko unavyodhani. Loji ina bawabu anayesimama nje ya mlango asiingie asiyehusika. Kwenye uwanja wa darubini bawabu ndiye mtu muhimu kuliko mwenye darubini: kazi yake ni kuzuia taa za gari, tochi za simu na yule anayetaka kupiga picha kwa mwako. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na huharibiwa kwa nukta moja. Simu zifunikwe kwa karatasi nyekundu ya nailoni, mikunjo miwili au mitatu. Mwanachama mpya kabisa apewe kazi ya kushika foleni na kumwinua mtoto. Kreti ya soda iliyopinduliwa ndiyo ngazi bora, haitetereki. Anayepanda asiruhusiwe kushika bomba, ashike sanduku, maana kila mtu hudhani lenzi ni mpini.

Piga hesabu ya foleni mapema. Kitu kilicho karibu na mstari wa ikweta ya anga huvuka kioo cha digrii 1 kwa dakika 4. Ukiweka lenzi ya milimita 10, mara 120, kinatoka kwa chini ya dakika 2, na watu 20 wataona giza huku wakisema kwa adabu kwamba wameona. Na usimuulize mtu "umeona?" Muulize ameona nini. Akikuambia pete za Zohali ziko upande gani, ameona.

Swali litakalokuja lazima ni la nyota ya mtu, na la kusafisha nyota. Ndani ya loji mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi, na nadhani sheria hiyo ihamie uwanjani kama ilivyo. Jibu fupi kwamba darubini hupima mahali nyota ilipo na mwanga wake, haijui bahati ya mtu, kisha mwonyeshe Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Mkulima aliyefundishwa na babu yake kupanda kwa Kilimia ataeleza mengi kuliko wewe, na hiyo ndiyo dakika ya kunyamaza.

Kuna jambo moja ndugu wa London hawezi kuliona kwao, na kwetu ni la bure. Kati ya 1751 na 1753 mwanafalaki Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, alikaa Rasi ya Tumaini Jema akapima karibu nyota 10,000 za kusini kwa kidarubini cha upana wa nusu inchi. Wakati huohuo kijana Jérôme Lalande alikuwa Berlin, karibu kwenye mstari uleule wa kaskazini na kusini, na kwa kulinganisha vipimo vyao walitafuta umbali wa mwezi. Lalande baadaye alikuwa mwanzilishi wa loji ya Les Neuf Sœurs mjini Paris, 1776. Lacaille sina sababu ya kumdai kuwa alikuwa Frimasoni. Ila aliporudi na ramani, nafasi tupu za anga alizijaza makundi 14 mapya, mengi yakiwa zana: patasi, saa, tanuru, darubini. Mawili kati yake ni skwea na bikari, na Pembetatu ya Kusini iliyo jirani, ambayo ilikuwepo kabla yake, akaichora kama pimamaji. Hizo tatu ziko kusini mno kuchomoza London.

Zitafute katikati ya Juni, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mahali pasipo na taa upande wa kusini. Tazama kusini: nyota mbili kali zimekaa sambamba, ya kushoto ni Alfa Centauri. Ikuze mara 100, igawanyike mbili. Isipogawanyika rudi kwenye skurubu. Shuka wima digrii 4, chini ya upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, hiyo ni Alfa ya Bikari. Ncha zake mbili ziko kushoto kwa Alfa Centauri na juu kidogo, hafifu, zimekaribiana, bikari iliyokaribia kufungwa. Pimamaji iko chini kushoto, pembetatu iliyo wazi kwa macho. Skwea iko juu kushoto, kati ya hapo na mkia wa Nge, kwenye Njia Nyeupe iliyojaa nyota hata mstari haujulikani. Tumia binokula (darubini ya macho mawili) ya 10x50 na uanzie kwenye makundi ya nyota yaitwayo NGC 6067 na NGC 6087.

Ndugu atataka kuonyeshwa nyota kuu ya Skwea, Alfa. Haipo. Mipaka iliporekebishwa, Alfa na Beta zake zilihamishiwa Nge, na kinachoongoza sasa ni Gama, ya mng'ao wa daraja la 4, yaani hafifu. Kutoka mjini, usiku wa mkutano wa mwezi mpevu, haionekani.